Kansa ndogo ya tezi ya shingo: kutoa nusu, kutoa yote, au kungoja? Maswali ya wagonjwa wa Bukavu

Maswali haya ndiyo yanayorudi mara nyingi kwa watu wa Bukavu na pande zake (Kabare, Walungu, Uvira, kisiwa cha Idjwi) walioambiwa kwamba uvimbe wa shingo yao ni kansa ya tiroidi "isiyo na hatari kubwa". Majibu hayachukui nafasi ya muganga aliyekushika shingo na kusoma karatasi zako. Yanakusaidia umwendee ukijua la kuuliza.

"Isiyo na hatari kubwa" maana yake nini? Kansa si kansa tu?

Hapana. Tezi ya tiroidi, ile iliyo mbele ya shingo chini ya koromeo na inayopanda ukimeza mate, inaweza kutoa kansa za aina nne ambazo hazifanani kabisa. Papilari ndiyo ya kawaida kuliko zote na huenda polepole. Folikulari inaifuata. Medulari ni ya namna yake na hurithiwa katika familia nyingine. Anaplastiki ni kali mno, lakini ni ya nadra na huwapata zaidi wazee.

Waganga wakisema "hatari ndogo" huwa wanazungumzia papilari yenye sifa hizi: haizidi sentimita 4, imebaki ndani ya tezi bila kutoboa kwenda kwenye nyama au koo, ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) haikuona matezi ya limfu yenye ugonjwa pembeni mwa shingo, haijafika mapafuni wala mifupani, na chini ya darubini si ya zile aina ndogo kali. Mtu wa namna hiyo, akitibiwa kwa njia yoyote kati ya zilizoelezwa hapa chini, ana nafasi inayopita 98 kwa 100 ya kutokufa kwa kansa hiyo katika miaka kumi. Kwa hiyo swali linalobaki mezani ni hili: utaishi vipi baada ya operesheni, na kwa dawa gani.

Kama sauti ilikauka yenyewe kabla ya kupasuliwa, uvimbe umekua haraka ndani ya majuma machache, au kupumua na kumeza kumekuwa shida, ukurasa huu si wako. Nenda hospitali sasa.

Karatasi yangu ya ponksio imeandikwa "Bethesda". Ni nini?

Ni ngazi sita za kusoma chembe zilizovutwa kwa sindano nyembamba. II maana yake uvimbe si wa hatari. VI maana yake ni kansa, karibu bila shaka. V inashukiwa sana. III na IV zinasema: sindano peke yake haiwezi kujibu. Kansa ya folikulari haionekani kwa sindano hata mbele ya msomaji hodari, kwa sababu hutambuliwa kwa kuangalia kama imevunja ganda lake, na ganda haliingii ndani ya sindano. Ukiwa na III au IV na muganga akakupendekezea kutoa upande mmoja ili ujulikane ukweli, hilo ni jambo la kawaida. Kutoa tezi nzima kwa sababu ya III peke yake ni haraka ambayo unaweza kuiuliza sababu.

Nina muda wa kufikiri, au kila siku inayopita inaniua?

Una muda. Kwa papilari ya hatari ndogo, majuma na hata miezi michache ya kutafuta ekografi nzuri, muganga mzuri na pesa hayabadilishi mwisho. Mama mjamzito mara nyingi hungoja ajifungue kwanza, na kama kupasuliwa kunalazimu, hufanywa katika miezi mitatu ya katikati ya mimba. Haraka ya kuuza kiwanja ndani ya siku tatu husababishwa zaidi na woga wa familia kuliko ugonjwa wenyewe.

Njia ziko ngapi?

Tatu. Ya kwanza ni kutoa nusu, yaani upande mmoja wa tezi pamoja na kile kidaraja cha katikati (lobektomi). Ya pili ni kutoa tezi nzima (tiroidektomi). Ya tatu ni kutopasua sasa, bali kupima kwa ekografi kila baada ya muda.

Kuna ya nne ambayo huku kwetu bado inafanyika na haifai kwa kansa: kuchokonoa uvimbe peke yake, au kukata tezi na kuacha vipande pande zote mbili kama inavyofanywa kwa rovu (tezi iliyovimba bila kansa). Kwa rovu la kawaida ina maelezo yake. Kwa kansa, inaacha ugonjwa nyuma na kujaza makovu pande zote mbili, hivi kwamba mpasuaji wa pili anaingia mahali ambapo neva ya sauti haionekani tena. Uliza wazi: "Utatoa upande mzima, au uvimbe tu?"

Katika nchi nyingine, Korea Kusini na Italia kati yao, kuna pia kuunguza uvimbe kwa sindano ya joto. Hatutaipima hapa.

Muganga mmoja amesema nusu, mwingine amesema yote. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Huenda wamesoma katika miaka tofauti. Kwa muda mrefu fundisho lilikuwa: ikizidi sentimita 1, toa yote. Mwaka 2007 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 52,000 wa Marekani uliunga mkono wazo hilo. Mwaka 2014 wengine walichukua rekodi za wagonjwa zaidi ya 61,000 wenye papilari ya sentimita 1 hadi 4, wakahesabu pia magonjwa mengine waliyokuwa nayo na ukali wa uvimbe, na tofauti ya urefu wa maisha kati ya nusu na yote ikapotea. Ndipo mwongozo wa chama cha Marekani cha waganga wa tiroidi wa mwaka 2015 ukasema: kutoka sentimita 1 hadi 4 bila dalili mbaya, njia zote mbili zinakubalika, chini ya sentimita 1, kama ni kupasua, nusu inatosha, zaidi ya 4, yote.

Aliyemaliza masomo kabla ya hapo na hajasoma tena atakuambia "yote" kwa moyo mweupe kabisa.

Basi nipime vipi kati ya nusu na yote?

Anza na jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja: baada ya kutolewa tezi nzima, hutaishi bila kidonge cha levotiroksini, homoni inayochukua nafasi ya ile ya tezi. Kila siku, mpaka mwisho. Mtu aliyetolewa nusu, upande uliobaki mara nyingi humtosha. Mmoja kati ya wanne au watano ndiye atakayehitaji kidonge, na hata huyo akikikosa mwezi mmoja, tezi iliyobaki humshikilia. Katika mji ambao barabara hufungwa, boti husimama na farmasi huishiwa, nusu ya tezi ni akiba. Ndiyo sababu, kwa papilari ndogo ya upande mmoja, maoni yetu huelemea kwenye nusu kwa mtu wa Bukavu kuliko hata kwa mtu wa Brussels.

Pili, hatari za kisu. Nyuma ya tezi kuna neva mbili za sauti, moja kila upande, na tezi ndogo nne za paratiroidi, kila moja kama punje ya dengu, zinazolinda kalsiamu ya damu. Ukitoa nusu, unagusa neva moja na paratiroidi mbili. Upande wa pili haujaguswa. Ukitoa yote, unagusa zote. Neva zote mbili zikiumia siku moja, koo linaweza kujifunga na mgonjwa akatobolewa shingo ili apumue. Ni nadra sana, lakini baada ya nusu haiwezekani ikiwa neva ya upande wa pili ilikuwa nzima kabla.

Kwa nini basi mtu achague yote? Kuna sababu za kweli. Kama upande wa pili nao una vinundu vya kutia shaka, kuuacha ni kujinunulia mashaka. Kama uvimbe unakaribia sentimita 4, uwezekano wa kukuta kitu kibaya kwenye anapati (kusoma kipande kilichotolewa chini ya darubini) na kurudishwa mezani unapanda. Kama tayari unakunywa levotiroksini kwa sababu tezi yako ilikwisha kuchoka, hoja ya "akiba" inadhoofika. Kama ulipigwa mionzi shingoni utotoni, au ndugu kadhaa wa damu wana kansa hiyo hiyo, mizani huelekea huko pia. Na baada ya kutoa yote, kipimo cha damu cha tiroglobulini, kinachoonyesha kama chembe za tiroidi zimebaki au zimerudi, husomeka vizuri zaidi. Baada ya nusu husomeka kwa shida, kwa sababu nusu iliyobaki nayo inaitengeneza.

Upande mwingine wa nusu ni huu: wachache hurudishwa kumaliziwa upande wa pili. Wagonjwa wakichaguliwa vizuri, hao huwa chini ya 10 kwa 100, na ugonjwa kurudi shingoni huwa kati ya 1 na 4 kwa 100. Ukirudi, kwa kawaida hutolewa kwa operesheni ya pili bila kufupisha maisha. Jiulize kimoyomoyo: nikiambiwa baada ya mwezi "turudi", nitaweza? Mwenye kutoka Shabunda au Fizi kwa taabu anaweza kujibu tofauti na mwenye nyumba Nyawera.

Familia inasema: "Itolewe yote tupumzike." Niwajibu nini?

Waelezeni kwamba kutoa yote hakumalizi safari. Vipimo vya damu na ekografi vinabaki, na kidonge kinaongezeka. Njia nzuri ni kwenda kwa muganga na mtu mmoja wa familia mwenye kusikiliza, awe kaka mkubwa au shangazi, asikie mwenyewe takwimu. Kikao cha watu kumi sebuleni ambacho hakuna aliyekuwa mbele ya muganga huishia kwa yule mwenye sauti kubwa.

Levotiroksini inakunywewa vipi, na nini huharibika?

Aliyetolewa tezi nzima huanza na mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 70 anafika karibu 112: kidonge kimoja cha 100 na nusu ya kidonge cha 25. Hukunywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa au chakula. Kahawa ikinywewa pamoja nayo hupunguza dawa inayoingia mwilini. Vidonge vya chuma na kalsiamu, pia zile dawa za kiungulia zenye kufunika tumbo, viachanishwe nayo kwa saa 4. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya dozi isitoshe. Mwambie muganga ukianzishiwa.

Kipimo cha TSH (homoni ya damu inayoonyesha kama dozi inatosha) kifanywe majuma 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Kabla ya hapo namba bado inatembea na itawadanganya wote. Kwa hatari ndogo baada ya kutoa nusu, TSH inayotafutwa ni kati ya 0.5 na 2. Kuishusha karibu na sifuri "ili kansa ilale" hakuna faida kwa mtu wa kundi hili, na kunachosha moyo na mifupa, hasa kwa mama aliyepita umri wa kuzaa.

Makosa tunayoyaona tena na tena ni manne. Mgonjwa hujisikia vizuri, anaacha; dawa inakaa mwilini, inapungua nusu kila juma moja hivi, kwa hiyo haanguki kesho yake bali baada ya majuma kadhaa, na hapo haunganishi tena kuchoka, baridi, uso kuvimba na kufunga choo na kidonge alichoacha. La pili: kununua vidonge vya kumwaga kwenye kikaratasi bila tarehe. La tatu: kuviweka dirishani au jikoni, vinataka mahali pakavu, pasipo jua, chini ya nyuzi 25. La nne: farmasi imeishiwa 100, unapewa 25 na unakunywa kimoja. Ni vinne.

Weka akiba ya miezi mitatu nyumbani. Ukisahau siku moja, kunywa unapokumbuka au kesho yake unywe viwili. Mzee na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza.

Na kalsiamu?

Hili linawahusu hasa waliotolewa tezi nzima. Katika watu 100, 20 hadi 30 kalsiamu yao hushuka kwa muda. Mikononi mwa mpasuaji mzoefu, 1 hadi 3 hubaki hivyo daima. Dalili huja siku ya kwanza hadi ya nne: midomo na ncha za vidole zinafanya kama sisimizi wanatembea, kisha vidole vinakakamaa na kujikunja. Mgonjwa akisharudi Kadutu au Bagira na hakuna aliyemwambia, familia hudhani ni presha au mapepo.

Ondoka hospitali ukiwa na vidonge vya kalsiamu mkononi, na ujue kama muganga ameongeza kalsitrioli (vitamini D iliyo tayari), maana kalsiamu peke yake mara nyingine haipandi. Omba kipimo cha kalsiamu kesho yake kabla ya kutoka. Wale samaki wadogo, sambaza, wakiliwa wazima na mifupa yao ni kalsiamu nzuri kwa kila siku, lakini hawatatibu vidole vilivyokwisha kukakamaa. Hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Mimi ni mwalimu na ninaimba kwaya. Sauti itapotea?

Sauti kukwaruza siku chache ni kwa sababu ya mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni. Neva kuumia kabisa hutokea kwa 1 au 2 kati ya 100 kwa mpasuaji mzoefu. Kuchoka kwa muda ni kwingi zaidi, na neva huweza kurudi katika miezi 6, hata 12. Kuna neva nyingine ndogo juu ya tezi inayonyanyua sauti za juu. Ikiguswa, mtu anaongea kama kawaida lakini hafiki tena noti za soprano, wala hawezi kuita mtoto ng'ambo ya kilima. Wapasuaji wengi hawaitaji usipoitaja wewe. Mwambie kazi yako kabla.

Omba muganga wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi za sauti kabla ya operesheni. Kama upande mmoja ulikuwa umelala tangu zamani bila wewe kujua, mpango wote unabadilika.

Ninaweza kungoja bila kupasuliwa?

Baadhi wanaweza. Hospitali ya Kuma huko Kobe, Japani, ilianza mwaka 1993 kuwachunga wenye papilari isiyozidi sentimita 1. Katika wagonjwa 1,235 waliofuatwa, baada ya miaka kumi uvimbe ulikua kwa milimita 3 au zaidi kwa 8 kati ya 100, na matezi ya limfu yalitokea kwa karibu 4 kati ya 100. Hakuna aliyekufa kwa kansa hiyo, na waliopasuliwa baadaye hawakupoteza kitu. Wazee walitulia zaidi. Vijana chini ya miaka 40 ndio uvimbe wao ulisogea.

Masharti yake: uvimbe usiegemee koo wala njia ya neva, kusiwe na tezi ya limfu ya kutia shaka, na ekografi ifanyike kila miezi 6 kwa mwaka mmoja au miwili, kisha mara moja kwa mwaka. Ugumu wa Bukavu uko hapo. Mashine iwe na kichwa cha kuangalia vitu vilivyo karibu na ngozi, si kile cha tumbo. Mpimaji aandike vipimo vitatu, urefu, upana na kina, na ikiwezekana awe yule yule. Akisema 9, mwenzake akasema 11, usikimbie kuuza mbuzi: tofauti ya milimita 2 ni ya mkono wa mpimaji. Ya 3 ndiyo inayohesabiwa.

Kama unajua utapotea njiani, kungoja si njia yako. Kungoja bila kupima ni kutelekeza.

Nitahitaji iodini ya mionzi?

Hiyo ni iodini inayomezwa ili iunguze chembe za tiroidi zilizobaki. Kwa hatari ndogo, mara nyingi hapana. Uchunguzi wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuata waliotolewa tezi nzima kwa miaka mitatu: waliopewa iodini na wasiopewa walifanana, karibu 96 kwa 100 kila upande bila tatizo. Hii ni habari kubwa kwetu, kwa sababu matibabu hayo hayako mlangoni. Wanaoyahitaji husafiri, kwa mfano Ocean Road Dar es Salaam au Mulago Kampala. Aliyetolewa nusu hapewi kabisa, kwa sababu tezi iliyobaki ingeimeza yote. Mtu akikuambia "tutoe yote ili upewe iodini", uliza kwanza kama iodini yenyewe unaihitaji.

Nimekuwa na rovu tangu utoto. Hilo linabadilisha nini?

Linabadilisha mengi. Kivu ni nchi ya rovu. Idjwi ilichunguzwa na waganga tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya uhaba wa iodini, na muhogo usiolowekwa vizuri ulionekana kuongeza tatizo. Chumvi yenye iodini imepunguza hayo, lakini watu wazima wengi bado wana vinundu pande zote mbili. Kinundu kimoja chenye kansa ndani ya rovu kubwa la pande mbili kinaweza kuwa sababu nzuri ya kutoa yote, hasa kama linabana koo. Pia, mara nyingine rovu hutolewa kwa sababu ya ukubwa wake, na anapati inagundua papilari ya milimita 4 kwa bahati. Hiyo kwa kawaida haihitaji kurudi mezani.

Na chumvi ya iodini haitibu kansa, hata ukila kilo.

Nitamjuaje mpasuaji?

Muulize amefanya operesheni za tiroidi ngapi mwaka uliopita. Utafiti wa Marekani uliona kwamba wanaofanya zaidi ya 25 kwa mwaka wana wagonjwa wachache wenye matatizo. Mtu anayejua kazi yake hakasiriki kuulizwa. Muulize pia: huwa unaitafuta neva na kuiona kwa macho? Usiku nani analala zamu, na anaweza kufungua kidonda damu ikijikusanya? Kalsiamu mtapima hapa hapa? Katika bei uliyotaja, anapati, dawa za usingizi na siku za kulala zimo, au kila kitu kitakuja na karatasi yake? Pata jibu la mwisho kwa maandishi, kwa dolari au franka.

Kutoa matezi ya limfu ya katikati "kwa tahadhari" wakati ekografi haikuona kitu hakuhitajiki kwa kundi hili, na kunaongeza shida ya kalsiamu.

Kipande kilichotolewa kinaenda wapi?

Hapa ndipo pesa za operesheni nyingi zinapotea. Bila anapati hutajua kama nusu ilitosha. Mara nyingi ni familia inayobeba chupa, kwa hiyo jueni: kipande kiwekwe ndani ya formalini ya asilimia 10, si maji ya chumvi, si spiriti, si kavu. Chupa iwe na mdomo mpana, formalini iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kikisongwa kwenye kichupa kidogo, katikati kinaoza na hakisomeki. Jina, tarehe na upande (kushoto au kulia) viandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Majibu yanapaswa kusema aina ya kansa, ukubwa kwa milimita, kama imefika ukingoni, kama imeingia kwenye mishipa ya damu, na matezi mangapi ya limfu yameonekana. Yakija na mstari mmoja, "karsinoma ya papilari", rudisheni. Ombeni pia vile vipande vya nta vihifadhiwe: Kigali au Kinshasa wanaweza kuvisoma tena bila kukukata.

Siku za kwanza nyumbani zikoje?

Lobektomi huchukua saa moja au mbili, na wengi hulala hospitali usiku mmoja au miwili. Usikubali kutoka siku ile ile na kupanda boti. Damu kujikusanya chini ya mshono hutokea kwa karibu mtu 1 kati ya 100, wengi wao ndani ya saa 24, na dalili ni shingo kuvimba na kukaza, mgonjwa kushindwa kulala chali, sauti kubadilika. Kidonda hufunguliwa papo hapo, haingojwi gari.

Kazi nyepesi, juma moja au mawili. Kubeba mzigo kwa kamba ya kipajini, kama mama wengi wa huku wanavyopandisha magunia kutoka ziwani, kungoje mpaka muganga akuruhusu, na isiwe chini ya majuma matatu: kamba hiyo huvuta shingo yote. Mwenye makovu ya kuvimba aseme kabla. Mshono upangwe kwenye mkunjo wa ngozi, na kovu likianza kunyanyuka atafute sindano ya triamsinoloni mapema.

Kuna chakula cha kukatazwa? Na dawa za miti?

Bugali, sombe, samaki, kuleni. Muhogo uloekwe na kukaushwa vizuri kama inavyotakiwa siku zote. Majani ya kupaka shingoni huunguza ngozi na kuahirisha operesheni. Ya kunywa yanaweza kuvuruga damu au ini kabla ya dawa za usingizi, kwa hiyo ukiyanywa mwambie anayekulaza usingizi.

Nataka kuzaa tena.

Inawezekana baada ya nusu na baada ya yote. Anayekunywa levotiroksini, mara tu kipimo cha mimba kinapothibitisha, huongeza vidonge viwili kwa juma (tisa badala ya saba), kisha TSH inapimwa kila mwezi katika nusu ya kwanza ya mimba. Vidonge vya chuma vya kliniki ya wajawazito vinywewe jioni. Levotiroksini haizuii kunyonyesha. Aliyepewa iodini ya mionzi hungoja angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba.

Nikilazimika kuhama ghafla?

Piga picha ya karatasi nne leo: ripoti ya operesheni, majibu ya anapati, TSH ya mwisho, na dozi yako kwa mikrogramu. Itume kwa ndugu aliye mji mwingine, maana simu nayo hupotea. Andika dozi kwa jina la dawa yenyewe, levotiroksini, si jina la kiwanda: Kamembe, Bujumbura au Kalemie utakuta boksi la rangi nyingine. Ukibadilisha kiwanda, pima TSH baada ya majuma 6.

Aliyetolewa yote aanze na kile kifuko cha dawa kabla ya nguo.